Shajara ya Kufuma Nakshi za Kilwa na Mikindani

Mikindani, 4 Mei

Mvua zimeisha, upepo wa kusi umeanza, na kitanda cha kufumia kimesimama barazani baada ya fundi seremala kukirekebisha mara mbili. Nimekusudia kufuma nguo tatu za kutundika ukutani, kila moja ikichukua umbo lake kutoka katika jengo la kale la ukanda huu wa kusini. Ya kwanza itatokana na birika la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani; ya pili itatokana na kuba za Msikiti Mkuu wa kisiwa hichohicho; ya tatu itatokana na mwimo, yaani ubao wa kusimama wa pembeni, wa mlango mmoja wa nakshi hapa Mikindani, umbali wa kilometa 10 hivi kutoka Mtwara mjini.

Watu wameniuliza kwa nini sikulichagua Boma la Wajerumani, ambalo limesimama juu yetu tangu mwaka 1895 na ndilo jengo ambalo wageni hulipiga picha kwanza. Boma limekarabatiwa na lina wa kulitunza. Nyumba za mawe za mtaani zinapukutika kila masika, na nakshi zake zinaondoka pamoja na chokaa yake bila mtu kuzinakili.

Nyuzi ni za pamba nyeupe, zimenunuliwa Dar es Salaam. Nimepanga mtande, yaani nyuzi za wima zinazotandwa kwanza, uwe nyuzi 8 kwa kila sentimita.

19 Mei

Nimerudi kutoka Kilwa jana usiku. Basi la Dar es Salaam lilinishusha Nangurukuru, nikapanda gari dogo hadi Kilwa Masoko, nikalala, na asubuhi nikachukua kibali na kuvuka kwa boti. Safari ya majini ni fupi, lakini nilikuwa na muda wa kutosha kuitazama Gereza, ngome ya kale ya kisiwani, ikikua mbele yangu kutoka kwenye mstari mweupe hadi kuwa ukuta wenye matundu na mizizi.

Msikiti Mkuu niliupitia kwa haraka siku ya kwanza kwa sababu nilitaka kufika Husuni Kubwa kabla jua halijawa kali. Jengo hilo lilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yuleyule aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Limejengwa kwenye ukingo wa jabali juu ya bahari, na ndani yake, katika ua mmoja, kuna birika la pembenane. Nimeliona birika hilo katika picha tangu nikiwa msichana, lakini picha haikuniambia jinsi macho yanavyolizunguka: ukisimama upande wowote, unauona upande ulio mkabala nawe umenyooka na miwili ya kando imekimbia kwa mshazari, na ukisogea hatua chache, ule uliokuwa wa mshazari unakuwa ndio ulionyooka.

Sikugusa ukuta wowote wala kuweka karatasi juu ya jiwe. Kingo za birika zimelika, kwa hiyo vipimo nilivyochukua kwa hatua si vya kutegemewa kama vipimo vya fundi, nami sikuvihitaji viwe hivyo, nilihitaji uwiano. Nilichora kwenye daftari kutoka pande nne, nikaandika pembeni ni wapi ukingo ungali unaonekana na ni wapi nilikuwa nakisia. Alama hizo za makisio zilikuwa nyingi kuliko nilivyotazamia.

Kuna jambo jingine la Kilwa ambalo mfumaji hawezi kulipita. Katika uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick miaka ya 1950 na 1960, vilipatikana vigae vya vyungu vilivyochongwa vikawa duara na kutobolewa katikati, ambavyo vilitumika kuipa uzito pia ya kusokotea nyuzi. Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505, taarifa za msafara wao zilitaja pamba nzuri ikipandwa kisiwani. Basi waliokaa karibu na nakshi zile za matumbawe walisokota pamba kwa kigae cha chungu kilichovunjika jikoni. Nilipokuwa nimekaa kivulini nikila mihogo niliyokuja nayo, wazo hilo lilinipa ujasiri ambao sikuwa nao nilipokuwa nikiondoka nyumbani, kwamba uzi si mgeni katika majengo haya.

2 Juni

Wiki mbili zimekwisha kwenye karatasi ya miraba, na sijapitisha uzi hata mmoja.

Kitanda cha kufumia kina njia mbili tu. Mtande unakwenda juu na chini, mshindio unakwenda kulia na kushoto. Mstari wa wima na wa mlalo hujitokeza wenyewe, ila mshazari hauko. Unaouona katika nguo ni ngazi ndogo ndogo ambazo jicho, likiwa mbali kidogo, linakubali kuziita mstari. Pembenane ina pande nne za mshazari. Kwa hiyo nusu ya umbo lote inategemea ngazi.

Kama pembenane ina pande zilizo sawa, basi hatua ambayo upande wa mshazari unaingia ndani ni kama asilimia 71 ya urefu wa upande. Katika hesabu ya nyuzi, jozi ya namba inayokaribia uwiano huo vizuri sana ni 24 na 17. Hivyo nimeamua upande wa juu uwe nyuzi 24 za mtande na kila kona iingie kwa nyuzi 17, jumla 58. Lakini mshindio wangu ni mistari 6 tu kwa sentimita, haulingani na mtande wa 8, kwa hiyo siwezi kutumia namba hizohizo kwenda juu. Pembenane ingerefuka kama yai. Upande wa wima unakuwa mistari 18 na kona mistari 13.

Nguo yenyewe itakuwa na upana wa sentimita 60, yaani nyuzi 480 za mtande. Pembenane kubwa itakuwa mara nane ya kipimo hicho cha msingi, na ndani yake zitakaa nyingine mbili, mara tano na mara mbili, kama ngazi za kushukia majini.

16 Juni

Rangi. Nguo ya birika inataka rangi tatu: weupe wa chokaa, ambao ni pamba yenyewe isiyotiwa kitu, hudhurungi ya jiwe lililopigwa na mvua, na weusi wa kivuli.

Hudhurungi nimeipata katika magome ya mikoko. Sikukata mti, na sitaki mtu asome ukurasa huu akadhani namhimiza kwenda na panga mikokoni; magome haya yaliambuliwa kwenye boriti za zamani za nyumba iliyobomolewa, na mwenye nyumba alikuwa akitaka kuyafanya kuni. Niliyaloweka siku tatu, nikayachemsha, nikachuja, kisha nikatia nyuzi nilizokuwa nimezichemsha kwanza katika maji ya shabu ili rangi ishike. Zilitoka na rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Ninaipenda.

Weusi ulinihangaisha zaidi. Bibi hutia ukindu wake weusi kwa mizizi ya mdaa, na alinipa fungu la mizizi akiwa na hakika kwamba itatosha, lakini pamba yangu iliupokea mdaa kwa unyonge, ikabaki kijivu hafifu. Mwishowe nilichukua sehemu ya nyuzi zilizokwisha kutiwa magome ya mikoko nikazitumbukiza katika maji yaliyokuwa yamelala na misumari yenye kutu kwa wiki nzima. Mbele ya macho yangu hudhurungi ikageuka kijivu, kijivu ikazama ikawa karibu na nyeusi, kwa sababu dabagha iliyomo katika gome la mkoko hushikana na chuma. Nimeziosha mara nne na kuzianika kivulini. Maji ya mwisho yalitoka safi.

Boriti hizo zimenikumbusha jambo. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake uliamriwa na urefu wa boriti ya mkoko. Fundi hakuweza kutandika dari pana kuliko mti aliokuwa nao. Upana wa nguo yangu nao umeamriwa na umbali ambao mikono yangu miwili inaweza kuurusha na kuupokea uzi bila kuinuka.

24 Juni

Kazi imesimama. Binti anayenisaidia kutanda nyuzi yuko shambani na wazazi wake wanapuliza salfa kwenye mikorosho, na kutanda nyuzi 480 peke yangu bila kuzivuruga siwezi. Nimefunika kila kitu kwa shuka.

9 Julai

Nimekosea, na kosa lenyewe limenifunza kuliko karatasi zote za miraba.

Nilifuma kipande cha majaribio chenye pembenane moja ya kipimo cha msingi. Kikiwa bado kitandani nilikipima kwa futi ya fundi cherehani, kikawa sentimita 7 na robo kwa upana na 7 na theluthi kwenda juu, jambo lililonifurahisha mno. Nikakikata, nikakifua kwa maji ya vuguvugu, nikakianika. Kilipokauka, pembenane ilikuwa imebonyea kama mkate uliokaliwa: upana sentimita 7, kimo sentimita 6 na nusu.

Sababu ni kwamba mtande unapokuwa kitandani umekazwa, na ukiukata unalegea na kujikunja juu na chini ya kila mshindio, nguo ikafupika zaidi upande huo. Nilikuwa nimepima kitu kilichovutwa nikadhani ndiyo hali yake. Baada ya kufuliwa, nguo yangu ina nyuzi 8 na robo za mtande kwa sentimita, na mistari karibu 6.8 ya mshindio. Hesabu mpya inasema upande wa wima uwe mistari 20 badala ya 18, na kona iwe mistari 14 badala ya 13, jumla 48. Kitandani pembenane itaonekana ndefu kupita kiasi, nami nitalazimika kuvumilia kuitazama hivyo kwa wiki kadhaa.

Katika kona, nyuzi 17 zinagawanywa kwa mistari 14. Mistari 11 inasogea uzi mmoja, na mitatu inasogea nyuzi mbili mbili. Mahali pa kuiweka hiyo mitatu ndipo palipo na ufundi. Nikiiweka yote mwanzoni, kona inavunjika kama goti. Nikiitawanya, mmoja katika mstari wa tano, mmoja wa kumi na mwingine wa kumi na nne, jicho haliioni. Nimejaribu mpangilio wa aina sita.

27 Julai

Leo bibi mzaa mama amekaa nami barazani tangu alasiri, akisuka ukili wa mkeka huku mimi nikipitisha uzi wa nakshi. Hatukuzungumza sana. Mwishowe akaweka ukili pajani akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona unahangaika na hiyo mishazari? Mimi kwangu inakuja yenyewe."

Nikamwomba anioneshe. Katika ukili, kila ukindu unakwenda kwa mshazari tangu mwanzo: unatoka ukingo mmoja, unapita juu na chini ya wenzake, unafika ukingo wa pili na kukunjwa kurudi. Hakuna wima wala mlalo. Kwa hiyo mwiba wa samaki, ule mchoro wa mistari inayolalia kulia na kushoto, anausuka bila kuhesabu kwa sauti, akiruka miwili na kulala miwili. Ndio mchoro huohuo ambao mafundi wa pwani waliuchonga katika matumbawe, jiwe likiwa bado bichi, limetolewa baharini na kulainika chini ya patasi kabla halijakauka likawa gumu.

Nimekaa na daftari langu la Kilwa na ukili wa bibi, kimoja kila upande, na nashawishika kwamba mkono uliochonga mwiba wa samaki ulikuwa umekwisha kuuona mkekani. Siwezi kuthibitisha. Ila anayesema kwamba kila nakshi ya pwani ilishuka kutoka kwenye meli ikiwa tayari, basi aje aukalie mkeka huu kwanza.

Pindo la nguo ya birika sasa litakuwa ukili halisi, uliosukwa na bibi na kushonwa kwa mkono pande zote nne. Ameweka sharti moja, kwamba nisiukate. Nguo ndiyo ifuate ukili.

15 Agosti

Nguo ya birika imekwisha na imefuliwa. Pembenane kubwa imetoka sentimita 56 kwa 56 na nusu. Imetundikwa ndani, mbali na jua.

Nguo ya kuba nimeiacha. Nilifuma nusu yake. Mduara katika uzi wa unene huu unakuwa rundo la ngazi za urefu usiolingana, na kilichobaki hakikuwa na hata chembe ya kile kinachomtokea mtu anaposimama chini ya kuba ya Msikiti Mkuu na kuinua kichwa. Kuba ni nafasi iliyo wazi juu yako; mimi nilikuwa nafuma sahani. Nitairudia siku nikipata nyuzi nyembamba mara mbili ya hizi.

30 Agosti

Nimeanza mlango. Uko katika nyumba ya mawe ya ghorofa moja iliyobaki na kuta tatu, na wenye nyumba, mzee mmoja na dada yake, wanaishi katika vyumba viwili vya nyuma vilivyoezekwa mabati. Wamenipa ruhusa ya kunakili kwa karatasi nyepesi na mkaa, nami nimefanya hivyo kwa siku nne, nikianza kila siku baada ya kuwaamkia.

Mlango una mbao mbili na mfaa katikati. Nimechagua mwimo wa kulia kwa sababu wa kushoto umepakwa rangi ya mafuta mara nyingi hadi nakshi zimejaa. Una urefu wa mita 2 kasoro kidogo. Juu kuna yungiyungi lililofunguka, kisha mshipi wa mnyororo unaoshuka ukingoni, na ndani ya mnyororo majani yanayopandana, kila jani likizaa lingine. Majani hayo hayalingani. Nimeyapima yote 11, na la saba ni fupi kwa upana wa kidole, kwa kuwa fundi alikutana na jicho la mti akalikwepa, kisha akarefusha la nane ili kulipa deni. Katika kuchora kwenye miraba nilijikuta nimelisawazisha la saba bila kufikiri, na nimelazimika kufuta na kurudia. Jicho la mti liko pale. Jani fupi litafumwa fupi.

Mtande ni nyuzi 240, upana wa sentimita 30 kitandani.

14 Septemba

Nimefika mahali ambapo nilijua tangu mwanzo kwamba nitafika. Shubiri mbili za chini za mwimo zimeliwa na mchwa. Ubao upo, lakini uso wake umekuwa kama sega la nyuki lililokauka, na kilichobaki ni mstari wa ukingo tu, unaoweza kufuatwa kwa kidole hadi karibu na kizingiti. Kilichokuwa kimechongwa ndani ya ukingo hakionekani.

Nikawauliza wenyewe. Mzee alijibu papo hapo kwamba palikuwa na samaki, kichwa kikitazama juu, na mkia ukiwa umejikunja. Alipokuwa mtoto akimpanda kwa mguu ili kufikia komeo. Dada yake, aliyekuwa akipeta mchele, akatikisa kichwa. "Si samaki, kaka. Lilikuwa waridi. Mama alikuwa akipitisha kitambaa chenye mafuta katika kila jani lake siku ya mkesha wa Idi, na mimi ndiye niliyeshika kibuyu." Walirudishana kwa muda, kwa upole, kila mmoja akiwa na hakika kamili.

Nimeiona milango mingine ya pwani ambayo mwimo wake huanza chini kwa samaki, kwa hiyo ningetakiwa kuweka dau, ningeliweka kwa mzee. Mtu mmoja aliyeonesha nia ya kuinunua nguo hii naye amenishauri niweke samaki, akisema kwamba hakuna atakayejua. Lakini nimekwisha kufuma mita moja na nusu ambamo kila uzi una jambo la kujibia: hili nililiona, hili nililipima, hili fundi alilikosea na mimi nikalifuata. Nikitia samaki wa kukisia hapo chini, atakayeitazama nguo hatakuwa na namna ya kutofautisha samaki wangu na yungiyungi la fundi. Tena nitakuwa nimemnyamazisha dada mtu katika nyumba yake mwenyewe.

21 Septemba

Uamuzi: ukingo unaendelea hadi chini, kwa sababu upo na nimeufuata kwa kidole changu. Ndani ya ukingo, kwa shubiri mbili, hakutakuwa na uzi wa nakshi. Nilijaribu kwanza kuuacha mtande mtupu bila mshindio, lakini nyuzi zililegea na kunaswa na kila kitu kilichopita, na nguo ikaanza kujinyonga. Nimefumua. Sasa ni ufumaji wa kawaida, mweupe kwa mweupe, uliokazwa sawasawa na sehemu nyingine.

Kufuma shubiri mbili nyeupe kumenichukua asubuhi moja. Majani 11 yalinichukua siku 16.

29 Septemba

Nguo ya mlango imekatwa, imefuliwa na kupigwa pasi ikiwa na unyevu. Imefupika kwa kiasi nilichotarajia. Jani la saba limetoka fupi na la nane refu, na ukiiweka nguo kando ya mwimo wenyewe, yanasimama mkabala kwa tofauti ndogo sana.

Niliwapelekea wenye nyumba jana jioni, nikaitundika kwenye ufito barazani. Mzee aliisoma kutoka juu kwenda chini bila kusema neno. Dada yake akasogea, akaweka kiganja chake kwenye sehemu nyeupe, akakipitisha polepole kama mtu anayefuta, kisha akamwambia kaka yake amletee kiti.

Nimewaomba ruhusa ya kukwangua rangi ya mafuta katika shubiri mbili za chini za mwimo wa kushoto, kipande kidogo tu, kwa kisu cha mbao na maji ya moto. Wamekubali. Tunaanza Jumatatu, na kitandani tayari nimetanda nyuzi nyingine 240.